Kadi Ndogo Haibebi Mzigo Mkubwa

Miongoni mwa mambo yanayomkabili mapema kijana wetu anayekwenda Marekani kwa masomo au kwa kazi ni kadi ya mkopo. Hajawahi hata kuizoea baridi, tayari barua za mabenki zimeanza kumfikia, zikimtaka apokee kadi ambayo kila akinunulia kitu humpatia pointi, na pointi hizo zikikusanyika hugeuka tiketi ya ndege au malazi ya hoteli. Kwa mtu ambaye kwao ni Unguja au Pemba, na ambaye nauli ya kurudi kuwaona wazee wake ni mzigo wa miezi mingi, ahadi hiyo si ndogo. Hapana wa kumlaumu akiipokea.

Lakini kadi hiyo, inapotolewa kwa mgeni asiye na historia ya kukopa nchini humo, aghalabu huja na ukomo mdogo wa mkopo, yaani kiwango ambacho benki haikubali deni lake livuke. Huenda ukomo huo ukawa dola 500, au 1,000, au 2,000. Wakati huo huo mahitaji yanayomngojea kijana huyo ni makubwa. Nyumbani wanataka friji na mashine ya kufulia, mdogo wake anahitaji kompyuta ya skuli, na mama anahitaji tiketi ya kwenda kutibiwa. Hivyo kijana hujikuta ameshika chombo kidogo na kutakiwa abebe mzigo mkubwa.

Tumeona ni vyema tulizungumze jambo hili waziwazi, kwa faida ya vijana hao, ya wazee wao waliobaki visiwani, na ya watendaji wa Serikali ambao nao siku hizi husafiri na kadi mfukoni. Msimamo wetu ni huu: kadi ya safari yenye ukomo mdogo inafaa kununulia kitu kikubwa pale tu ambapo fedha za kukilipia zimekwisha kupatikana. Bila ya hivyo, pointi ni chambo, na anayevuliwa ni mwenye kadi.

Hatuna budi kwanza kuielewa biashara yenyewe. Kadi ya Diners Club ilianza mjini New York mwaka 1950, ikiwa ni ya kulipia chakula mikahawani. Mwaka 1958 Bank of America iliwapelekea kadi watu wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, California, bila ya wenyewe kuziomba. Kadi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Mtindo wa kuwapelekea watu kadi wasizoziomba ulienea mpaka sheria ya Marekani ikaupiga marufuku mwaka 1970. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wa kuwalipa wasafiri wake kwa maili walizosafiri, na kabla ya miaka ya 1980 kumalizika, mabenki na mashirika ya ndege yalikwisha kuungana, ikawa mtu aweza kuchuma maili kwa kununua mchele dukani bila ya kupanda ndege.

Ni dhahiri kwamba hapana benki inayogawa tiketi kwa hisani. Fedha za pointi hutoka mahali, na mahali penyewe ni pawili. Kwanza ni kwa wenye maduka, ambao nchini Marekani hukatwa kiasi cha asilimia 2 hadi 3 ya mauzo kila mteja anapolipa kwa kadi ya mkopo. Mwenye duka naye huirudisha gharama hiyo katika bei, hata maskini anayelipa taslimu akawa anachangia safari ya tajiri mwenye kadi. Pili ni kwa wadeni wanaoshindwa kulipa deni lote kwa wakati, na kutozwa riba. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliamua mwaka 2015 kwamba ada ambayo benki ya mwenye kadi ya mkopo inaruhusiwa kuchukua katika mauzo isivuke asilimia 0.3, na ndiyo maana kadi za huko hazina ukarimu wa pointi kama za Marekani. Pale chemchemi ilipozibwa, mto umepungua maji.

Sasa na tufanye hesabu, kwani katika mambo ya fedha tarakimu husema kweli kuliko matangazo. Tuchukue mfano wa kijana mwenye kadi ya ukomo wa dola 2,000, anayenunua tiketi za dola 1,800. Tuseme kadi yake humpa pointi 2 kwa kila dola ya safari. Atapata pointi 3,600, na tukizithaminisha kwa senti moja kila pointi, amepewa zawadi ya dola 36. Tuseme pia kwamba riba ya kadi yake ni asilimia 24 kwa mwaka, kiwango ambacho si cha ajabu kwa mwanzo wa kukopa, kwani wastani wa riba za kadi nchini humo katika mwaka 2024 ulikuwa juu ya asilimia 21. Asilimia 24 kwa mwaka ni asilimia 2 kwa mwezi, na asilimia 2 ya dola 1,800 ni dola 36. Hivyo basi zawadi yote ya safari imeliwa na riba ya mwezi mmoja, na mwezi wa pili anaanza kulipa kutoka mfukoni mwake.

Hesabu haikomei hapo. Benki haimlazimishi alipe deni lote. Humtaka alipe kiwango cha chini tu. Ikiwa kiwango hicho ni riba ya mwezi pamoja na asilimia 1 ya deni, atalipa dola 54. Katika hizo, dola 36 ni riba, na dola 18 tu ndizo zilizopunguza deni. Kijana ataona amelipa, atajisifu kwamba hajachelewa, kumbe deni limebaki dola 1,782. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka 2023 madeni ya kadi nchini Marekani yalivuka dola trilioni moja kwa mara ya kwanza, na hayakufika huko kwa ujinga wa watu wote hao. Yalifika huko kwa sababu kulipa kidogo kidogo kumefanywa kuonekane ni kulipa.

Iko na ada ya mwaka. Kadi nyingi za safari hutoza ada, na dola 95 ni kiwango cha kawaida. Mwenye kupata asilimia 2 katika kila dola anayotumia, atalazimika kutumia dola 4,750 kwa mwaka ili airudishe ada hiyo peke yake. Kwa kadi ya ukomo wa dola 500 au 1,000, mtu huyo huenda akawa anaitumikia kadi badala ya kadi kumtumikia yeye.

Madhara ya pili hayaonekani kwenye risiti. Nchini Marekani kila mkopaji huwekewa alama zinazoonyesha uaminifu wake. Alama za FICO, zilizoanza mwaka 1989, huanzia 300 na kuishia 850. Asilimia 35 ya alama hizo hutokana na historia ya kulipa kwa wakati, na asilimia 30 hutokana na kiasi cha deni, ambapo jambo linalotazamwa sana ni sehemu ya ukomo iliyokwisha kutumika. Kijana wa mfano wetu, mwenye deni la dola 1,800 katika ukomo wa dola 2,000, ametumia asilimia 90. Mwenzake mwenye deni hilo hilo katika ukomo wa dola 18,000 ametumia asilimia 10 tu. Deni ni moja, lakini wa kwanza huonekana kama mtu aliyezidiwa, na wa pili kama mtu aliyetulia. Akienda kuomba nyumba ya kupanga au mkopo wa gari mwezi huo huo, tofauti hiyo itamgharimu.

Madhara ya tatu humpata mtu akiwa safarini. Hoteli na kampuni za kukodisha magari zina desturi ya kuzuia kiasi fulani cha fedha kwenye kadi ya mgeni kabla hajatumia chochote. Fedha hizo hazijalipwa, lakini nafasi yake katika ukomo imekwisha kushikwa. Mwenye ukomo wa dola 1,000 aliyelipia tiketi ya dola 800 aweza kufika hotelini usiku, na kadi yake ikakataliwa mbele ya watu ingawa hana deni lililochelewa hata senti moja.

Je, tunasema basi kadi hizi zitupwe? La. Kisu hakitupwi kwa sababu kimemkata asiyejua kukishika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 humpa mwenye kadi ya mkopo haki ya kuyapinga makosa ya hesabu, pamoja na malipo ya bidhaa ambayo hakuletewa, ilimradi aandike barua katika muda wa siku 60 tangu alipopelekewa hesabu yenye kosa hilo. Kadi yake ikiibiwa na kutumiwa na mwizi, sheria humbebesha dhima isiyozidi dola 50. Anayenunua friji kwa muuzaji wa mbali, au tiketi kwa wakala asiyemjua, ana ngao asiyokuwa nayo mlipaji wa taslimu. Kwa manunuzi makubwa ngao hiyo yaweza kuwa na thamani kuliko pointi.

Kwa hiyo, kwa yule ambaye fedha anazo na anataka kununua kitu kikubwa kwa kadi ndogo, tunapenda kutoa ushauri ufuatao.

Kwanza, azitenge fedha zote za ununuzi katika akaunti yake kabla hajaitoa kadi. Asihesabu mshahara ambao haujaingia, wala mchango wa jamaa ambao bado ni maneno. Fedha zikiwapo, kadi ni njia tu ya kuzipitisha. Zisipokuwapo, kadi ni mkopo ghali.

Pili, aijue tarehe ya kufungwa hesabu ya mwezi na tarehe ya mwisho ya kulipa, kwani ni tarehe mbili tofauti. Sheria inataka mteja apewe siku zisizopungua 21 baina ya kupelekewa hesabu na kutakiwa kulipa. Anayelipa deni lote kwa tarehe hiyo, kwa kawaida hatozwi riba ya manunuzi. Lakini anayebakisha deni, hata dogo, aghalabu huipoteza nafuu hiyo, na kila anachonunua baadaye huanza kuzaa riba siku ile ile. Na kwa kuwa benki kwa kawaida hupeleka habari za deni kwa watunza kumbukumbu pale hesabu inapofungwa, anayelipa kabla ya siku ya kufungwa huonekana ana deni dogo, na alama zake husalimika.

Tatu, auombe ukomo uongezwe kabla ya ununuzi, si baada ya kadi kukataliwa. Mwenye kulipa vizuri kwa miezi kadhaa ana hoja ya kusikilizwa. Lakini aiulize benki kama ombi hilo litafanya taarifa zake zichunguzwe upya kwa namna inayoweza kupunguza alama. Hali kadhalika, asiridhie benki iyapitishe malipo yanayovuka ukomo. Tangu sheria ya mwaka 2009 ilipoanza kutumika, benki haiwezi kumtoza ada ya kuvuka ukomo mteja ambaye hakuridhia utaratibu huo, nasi hatuoni sababu ya kuridhia.

Nne, amwombe muuzaji akubali malipo ya mafungu. Kwa kitu cha dola 1,800, mwenye ukomo wa dola 1,000 aweza kulipa dola 900, akailipa benki, akangoja nafasi ifunguke, kisha akalipa dola 900 nyingine. Au alipe sehemu moja kwa kadi na nyingine kwa fedha za akaunti. Hata hivyo asiufanye mchezo huo kuwa desturi ya kila wiki. Benki ikiona mtu mwenye ukomo mdogo anaujaza na kuumaliza mara nyingi kwa mwezi, huenda ikamtilia shaka na kuifunga kadi, na pointi zake zikapotea.

Tano, asivutwe na zawadi ya kukaribishwa. Kadi nyingi huahidi maelfu ya pointi kwa atakayetumia, tuseme, dola 3,000 katika miezi mitatu. Ikiwa matumizi yake ya kweli hayafikii kiasi hicho, atanunua asivyovihitaji ili apate safari ambayo hakuipanga. Aliyenunua vitu vya dola mia asivyovihitaji hakuchuma kitu, hata apewe pointi ngapi.

Kwa wanaorudi nyumbani na kadi hizo, au wanaozitumia hapa visiwani, yako mambo mawili ya nyongeza. Kadi nyingi za kawaida za Marekani hutoza kiasi cha asilimia 3 kwa malipo yaliyofanywa nje ya nchi, nazo hizo zinatosha kuimeza zawadi ya asilimia 2. Kadi nyingi za safari hazina ada hiyo, lakini lazima mtu asome mkataba kwanza. Na mashine ya dukani ikimuuliza mwenye kadi kama anataka kulipa kwa dola au kwa shilingi, achague shilingi, kwani ubadilishaji unaofanywa papo hapo mara nyingi huwa ghali zaidi. Kuhusu kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo, neno letu ni moja: asithubutu. Riba huanza siku hiyo hiyo, ada hutozwa juu yake, na kwa kawaida pointi hapati.

Tunapenda sasa kuwageukia wazee na jamaa waliobaki nyumbani. Mtoto aliyeko Marekani si hazina isiyokwisha. Anapoombwa friji mwezi huu na tiketi mwezi ujao, naye akaona haya kusema hana, kadi ndiyo inayomjibia. Deni halionekani huku. Linaloonekana ni friji. Kwa familia zetu nyingi, ambazo zinaikimbia riba kwa imani ya dini, inafaa kujua kwamba kitu walichokipokea kwa furaha huenda kinalipiwa riba kila mwezi na kijana anayekosa usingizi. Kabla ya kumwomba, na wamuulize: unazo? Akisema hana, jibu hilo lipokewe kwa heshima.

Kwa upande wa watendaji wa Serikali, tuna maneno mawili. La kwanza ni la utaratibu wa safari za kazi. Ofisa anayepelekwa nje bila ya kupewa posho yake kabla ya kuondoka hulazimika kulipia hoteli kwa kadi yake binafsi, kwa tegemeo kwamba atarejeshewa. Marejesho yakichukua miezi mitatu, riba ya miezi hiyo ni juu yake, na ukomo wake mdogo umejazwa na mzigo usiokuwa wake. Si haki mtumishi aikopeshe Serikali kwa riba anayoilipa mwenyewe. Hali kadhalika si haki mtumishi mwingine apange manunuzi ya ofisi kwa kadi yake ili avune pointi. Fedha za umma zilipwe kwa njia za umma, na zilipwe kwa wakati.

Neno la pili linahusu sheria. Mabenki yanayofanya kazi nchini mwetu nayo hutoa kadi za mkopo, na tangu kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2012, taarifa za wakopaji hukusanywa na taasisi zilizopewa leseni ya kazi hiyo. Hivyo deni la kadi si siri tena ya mtu na benki yake. Ile sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inaitaka benki imwonyeshe mteja, kwenye hesabu ya kila mwezi, itamchukua muda gani na gharama gani kulimaliza deni lake endapo atalipa kiwango cha chini tu. Hilo ni jambo la busara, nasi tunawaomba wahusika walifikirie. Mwananchi anayepewa kadi aelezwe kwa Kiswahili fasaha, kwa herufi zinazosomeka, riba ni kiasi gani, ada ni zipi, na deni la shilingi milioni moja litamalizika lini akilipa kidogo kidogo. Tangazo la pointi lisipewe ukurasa mzima huku riba ikifichwa chini kwa herufi za mchwa.

Kadi ya safari ni chombo chema kwa mwenye nidhamu. Mwenye ukomo wa dola 1,000 anayelipa deni lake lote kila mwezi amekaa vizuri kuliko mwenye ukomo wa dola 10,000 anayelipa kiwango cha chini. Ukomo huongezeka kwa uaminifu, na uaminifu haununuliwi kwa siku moja. Kijana wetu aianze kadi yake kwa mchele na nauli ya basi, alipe kila mwezi bila ya kubakisha, na siku atakapofika kwenye friji na tiketi ya mama, awe na fedha mkononi. Hapo pointi zitakuwa zawadi kweli. Kabla ya hapo, dawa ya deni ni kulipa, na iliyo bora kuliko dawa ni kinga.